Mguu wa Nne

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo, wewe na karakana yako. Naandika kwa sababu simu imetushinda. Jumapili nilikupigia, ukaniambia niseme kwa nguvu mara tisa. Mara ya kumi jirani zangu wa ghorofa mbili walikuwa wameshajua habari zangu zote, wewe bado. Mashine ya kuranda imemaliza masikio yako, basi tutumie macho.

Mimi mzima. Nimepata chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa kijani, na feni inayozunguka ikitaka. Mama anaendeleaje na goti? Kila nikimuuliza ananijibu "goti ni goti tu". Wewe unayekaa naye nyumba moja nipe jibu la kweli.

Sasa habari yenyewe. Nimeajiriwa kwenye studio ya filamu za katuni. Mimi ni mchoraji wa awali. Maana yake, kabla filamu haijatengenezwa, nachora vitu ambavyo havijawahi kuwepo, kama nyumba, nguo, silaha na vyombo, kisha watu wengine wanavijenga ndani ya kompyuta kwa kufuata mchoro wangu. Nimepewa miezi sita ya majaribio. Tarehe thelathini na moja Julai ama napewa mkataba, ama napewa boksi la kubebea vitu vyangu. Maboksi yenyewe yako tayari chini ya ngazi, nimeyaona.

Mkubwa wetu wa sanaa tunamwita Bado, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Unampelekea mchoro, anautazama, anasema "bado", anakurudishia. Hasemi bado nini. Dada mmoja aliyefanya naye kazi miaka minne anasema aliwahi kumsikia akisema "haya", lakini huenda alikuwa anajibu simu.

Mimi nimewekwa kwenye ufalme wa malkia. Ni kazi kubwa. Nimekutumia mchoro wa kiti chake cha enzi. Ukitundike karakanani, wateja waone damu yako inafanya nini huku.

Mpwa wako,
Penseli


27 Februari

Penseli,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na mbili kwa mwalimu mkuu, maana sanduku la posta ni la shule, na yeye huwa anasoma bahasha mbele na nyuma kabla ya kuzigawa. Amesema nikupe hongera ya kazi. Sijui alijuaje. Bahasha imefika na gundi ya aina mbili.

Tuko salama. Paka wa mama yako amezaa watano ndani ya sanduku langu la misumari, kwa hiyo wiki nzima natumia gundi tu. Goti la mama yako linaendelea.

Picha niliitundika siku moja. Siku ya pili akapita Mama Ukumbi, yule mwenye ukumbi wa harusi, kuulizia mabenchi yake sitini niliyoanza kumtengenezea. Akainua macho ukutani, akasahau mabenchi.

"Fundi, hicho."

Nikamwambia hicho ni picha, kimechorwa na mpwa wangu.

"Maharusi wangu wanakalia plastiki iliyofunikwa shuka. Nataka hicho. Kama kilivyo, usinipunguzie hata ukucha."

Harusi ya kwanza ni tarehe tano Aprili. Ndiyo maana nina maswali. Mguu wa nyuma wa kushoto siuoni. Nimetazama kwa miwani na bila miwani, nimegeuza karatasi, nimetazama hata upande wa nyuma. Haupo. Halafu mikono ya kiti inazunguka mbele na kukutana, kama mtu aliyekumbatia gunia. Anayekaa anaingilia wapi? Na yule askari uliyemsimamisha pembeni, kalio la kiti linamfika kifuani. Askari ni mfupi, au malkia hupanda ngazi?

Siulizi kwa ubaya. Umesema unachora ili wengine wajenge. Mimi ndio wengine. Nijibu upesi, mbao za sehemu zisizo na utata nimeshazikata.

Mjomba


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na paka, na umshukuru mwalimu mkuu kwa hongera na kwa gundi. Samahani kwa kuchelewa, huku shughuli ni nyingi.

Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Usijenge kile kiti! Mchoro ule ni wa hisia, hautazamwi kwa futi kamba. Mguu wa nne upo, umeingia kivulini. Kile kivuli ndicho kinachobeba uzito wa simulizi. Na ukubwa wa kiti unaonyesha upweke wa mamlaka. Mwambie Mama Ukumbi hivyo.

Najiendeleza pia. Kuna mwalimu wa mtandaoni mwenye kozi inayoitwa Kutoka Mchoraji wa Kati hadi Mtaalamu kwa Wiki Sita. Wiki ya kwanza ilikuwa kujiamini. Wiki ya pili ilikuwa kujiamini zaidi. Wiki ya tatu tulinunua brashi mia tatu za kompyuta, zote za kwake. Anasema tofauti ya mchoraji wa kati na mtaalamu iko kichwani. Kazi zake sijaziona, ila ana kiti kizuri sana cha kuzunguka.

Kiti cha enzi nilimwonyesha Bado. Akasema bado, akakaa nacho. Nadhani ni wivu.

Wiki iliyopita mwenye filamu alikuja kikaoni. Anataka ufalme mpya kabisa, ambao macho ya binadamu hayajapata kuuona, ila ufanane na ule wa filamu iliyouza sana mwaka jana. Watu kumi na wanne waliandika jambo hilo kwenye madaftari. Nami niliandika.

Malkia na vyombo vyake vyote vinaendelea vizuri. Msalimie mama.

Penseli


16 Aprili

Penseli,

Marahaba. Barua yako ya kunikataza nimeipata tarehe tisa. Harusi ilikuwa tarehe tano.

Nakueleza ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Kiti nilikijenga kama ulivyochora. Kalio lilikuwa futi nne kutoka sakafuni. Bibi harusi alipanda juu ya kreti tatu za soda akiwa ameshikwa huku na huku, wakamteremsha ndani kutoka juu, maana mbele palikuwa pamefungwa. Akakaa. Watu wakapiga vigelegele, na kusema kweli alipendeza. Mpiga picha alilia kwa furaha.

Kwa nusu saa hakukuwa na tatizo. Kiti cha miguu mitatu kinasimama, mradi anayekikalia asiegemee upande usio na mguu. Halafu mama mkwe akaja kumpa mkono, kwa upande wa kushoto. Bibi harusi akainama kumpokea, kiti kikamfuata. Msimamizi wa bwana harusi, mtu mwenye mwili na akili, alikiwahi kwa bega. Tangu hapo hakuweza kutoka. Alikaa pale chini, amepiga goti, saa mbili na nusu. Keki alilishwa hapohapo. Hotuba yake aliitoa hapohapo, na watu wengi hawakujua sauti inatoka wapi. Mguu wa nne alikuwa yeye. Kivuli chako kinaweza kubeba simulizi. Bibi harusi hakikumbeba.

Wakati wa kumtoa bibi harusi, gauni lilinasa. Nikaukata mkono wa kulia wa kiti kwa msumeno, mbele ya wageni mia tatu, wanakwaya wakiimba ili kufunika sauti. Mimi siendi popote bila msumeno, unanijua.

Utaniuliza, Mjomba, miaka arobaini unatengeneza viti, hukujua? Nilijua. Wateja wote wananiletea michoro mibovu, nami narekebisha kimyakimya. Mtu ananichorea kabati lisilo na mlango, nampa kabati lenye mlango, anasema asante kwa kunifuata. Huo wako sikutaka kuugusa. Niliwaambia watu mpwa wangu amekuwa mtaalamu. Ningeongeza mguu, ningekuwa nimesema hajawa.

Paka wadogo wamefumbua macho. Goti la mama yako linaendelea. Mama Ukumbi hajambo, hatujaonana siku kadhaa.

Mjomba


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki nne. Nilianza kujibu mara sita. Mara tano niliandika kuhusu feni.

Nakueleza ilivyokuwa, kama ulivyonieleza wewe.

Siku niliyopokea barua yako, mjenzi alikuja mezani kwangu. Mjenzi ndiye anayejenga michoro yetu ndani ya kompyuta. Ni baba mmoja mtaratibu, anakula karanga mchana kutwa. Bado alikuwa amempa kiti changu ili akijaribu. Akaniuliza: "Dada, mguu wa nyuma wa kushoto uko wapi?" Nikamwambia umeingia kivulini. Akasema: "Kivuli nitaweka mwenyewe, taa ziko kwangu. Wewe nipe mguu." Nikaanza kumweleza kuhusu hisia. Akageuza kioo cha kompyuta, akakizungusha kiti, akaachia uzito. Kikaanguka mbele ya watu wanane. Akala karanga moja. "Na anayekaa anaingilia wapi?" Mjomba, nilidhani mmeongea.

Nilikwenda chooni, nikakaa dakika kumi na moja. Nikasoma barua yako yote.

Sasa yale ambayo sikukuandikia. Sijapewa ufalme. Tangu Februari nachora ndoo. Katika filamu kuna malkia, malkia ana watumishi, na mtumishi wa tatu ana ndoo. Ndiyo hiyo. Nimechora ndoo arobaini na moja. Ndoo yenye ukungu, ndoo wakati wa machweo, ndoo yenye huzuni. Zote bado. Kiti nilikichora nikiwa nyumbani, nikakutumia kama kwamba ni kazi yangu.

Baada ya lile anguko nilizitazama tena zile ndoo. Hakuna hata moja ambayo mshikio wake umeshikwa na kitu. Chuma kinashuka hadi ukingoni, kisha kinapotelea kwenye mwanga mzuri. Nikachora ya arobaini na mbili. Ina masikio mawili na matundu mawili, na chuma kimepita kikakunjwa kwa ndani. Nikachora na mkono wa mtumishi umeishika, tupu na ikiwa imejaa. Bado hakusema "bado". Aliichukua akaenda nayo.

Kozi nimeiacha wiki ya nne. Ilikuwa kujiamini mbele ya kamera.

Kuna mtihani. Tuko watatu kwenye majaribio, mkataba ni mmoja. Kila mmoja achore kiti cha enzi, hiki cha kweli sasa. Mwandishi amembadilisha malkia. Ni mzee, goti limemkatalia, kunyanyuka ni kazi, na hataki mtu yeyote wa baraza ajue.

Barua zako mbili zinasema goti la mama linaendelea. Kitu kinachoendelea kina mahali kinakokwenda. Niambie mama ananyanyukaje. Usiniambie kama kaka yake anayemtetea. Niambie kama fundi.

Penseli


17 Juni

Penseli,

Marahaba.

Dada aliniapisha nisimwambie binti yake. Sijamwambia binti yake, namwambia mchoraji aliyeuliza.

Kiti cha jikoni kina inchi kumi na sita, ni kifupi mno kwake. Anaanza kwa kiganja cha kulia juu ya meza, na meza inasogea. Anairudisha. Goti la kushoto halikunji tena, kwa hiyo mguu huo anaunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Wa kulia anataka kuurudisha nyuma, chini ya kiti, apate pa kusukumia, lakini pale mbele kuna ubao unaounganisha miguu ya kiti, unamgonga kisigino. Kiti hicho nilikitengeneza mimi. Ubao huo niliuweka mimi, kwa uimara. Anajaribu mara mbili, ya tatu anainuka. Ukiwepo hajaribu, anakaa tu anasema hana haraka. Kwa hiyo mimi natoka. Nasimama nje ya mlango, nahesabu. Mara nyingi nafika arobaini. Siku hizi mchana kutwa yuko kitandani. Ukimuuliza atakwambia anapenda kitanda.

Anachohitaji ni kitu cha kushika kilichotangulia mbele ya goti. Mikono ya viti vyote inaishia kwenye tumbo, mahali ambapo haimsaidii mtu kuinuka. Na upande wa kushoto pawe wazi, ule mguu upite.

Vipimo vyake vyote nimeandika nyuma ya karatasi hii, nilimpima alipokuwa akisinzia. Alifumbua jicho moja akasema, "Unanipimia jeneza?" Nikasema kabati. Akasema nipunguze urefu.

Nakutumia pia kile kipande cha mkono wa kiti nilichokikata harusini. Kiweke mezani pako.

Usijali kunichosha kwa maswali, nina muda siku hizi. Mabenchi ya ukumbi yamepata fundi mwingine. Sokoni wananiita Miguu Mitatu. Nimeshazoea, jina la zamani lilikuwa baya zaidi.

Mjomba


2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Habari ni tatu, na nakuomba usiruke.

Wenzangu walichora viti vizuri kuliko changu. Hilo nalisema kama lilivyo. Mmoja alikuwa na simba wawili wa dhahabu na moshi. Mimi nilipeleka karatasi nne, mbele, ubavuni, nyuma na juu, malkia akiwa amekaa kwenye moja na kusimama kwenye nyingine. Kalio ni inchi ishirini. Mkono wa kulia umetangulia goti kwa inchi saba. Mkono wa kushoto una bawaba mbili, unafunguka nje kama kilango, na komeo lake liko kwa ndani, baraza lisione. Mbele chini hakuna ubao, kisigino kinapita. Uimara nimeuweka nyuma, kwa ubao wa mtambuko.

Mjenzi alizichukua. Akazitazama moja baada ya nyingine. Nilisimama pale nikiwa na majibu kumi na tisa kichwani. Akavuta kiti chake, akala karanga, akaanza kujenga. Hakuniuliza kitu.

Bado alikuja kutazama kikizunguka. Akasema: "Haya." Hakuwa na simu mkononi, nilihakikisha. Mkataba nimesaini tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Wiki hiyohiyo mwalimu wa mtandaoni alinitumia cheti cha utaalamu, ingawa nusu ya kozi sikuifanya.

Habari ya pili. Jana mwenye filamu alikuja. Amefanya utafiti, malkia hawauzi. Bata wanauza. Kwa hiyo malkia sasa ni bata, na bata hakalii kiti. Kiti kimefutwa, ufalme wote umefutwa, miezi sita ya watu kumi na wanne. Kitu kimoja tu kimebaki, kwa sababu bata wanahitaji mahali pa kuishi. Ndoo yangu ya arobaini na mbili sasa ndiyo ikulu. Itaonekana kila baada ya dakika mbili. Kazi yangu ya kwanza nikiwa mtaalamu ni kuchora ndani ya ndoo.

Habari ya tatu. Mabenchi sitini. Ulikuwa na kazi ya mwaka mzima, ukaipoteza kwa mguu mmoja usiokuwepo, ukaniandikia kwamba una muda. Mama Ukumbi nimemwandikia barua yake peke yake. Nimemweleza kwamba fundi alijenga nilichochora mimi, na kwamba kasoro zote tatu ni zangu. Nimezitaja. Sijui atafanya nini nayo. Pengine mwalimu mkuu ameshaisoma.

Karatasi nne za kiti nimezikunja humu. Studio haizihitaji tena. Vipimo ni vile ulivyoniandikia nyuma ya barua.

Usizitundike.

Penseli


5 Septemba

Penseli,

Marahaba. Hongera ya ndoo.

Sikuzitundika. Nimejenga. Siku tisa. Sina swali.

Mama Ukumbi amepita jana. Hakutaja barua, aliulizia bei ya mbao, akaondoka. Tutaona.

Kiti nilikiingiza chumbani kwa dada asubuhi. Alikizunguka taratibu akishika ukuta, akainama kadiri alivyoweza, akahesabu miguu kwa kidole. Akahesabu tena. Akasema, "Huyu kumbe anajua kuhesabu." Akakaa. Nikamwonyesha komeo, akaniambia anaona.

Nikatoka nje kama kawaida, nikaanza kuhesabu. Nilifika nne, mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama.

"Unafanya nini hapa mlangoni saa hizi?" akaniuliza. "Huna kazi?"

Nikamwambia sina.

Akanitazama kidogo. Halafu akarudi kukaa, akanyanyuka tena, makusudi.

Mjomba